Nilivyongoja Suti ya Mpira

Jumanne, 4 Juni

Ukungu mpaka karibu saa nne. Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi kupura maharage na Mama. Mchana bwawani na binamu yangu Safari. Nimeshindwa tena kusimama kwenye ubao wa kuvutwa juu ya maji.

Mashine yake haina kosa. Injini ya pampu ya zamani, rimu ya gari, kamba ndefu inayojizungusha kwenye rimu. Inavuta karibu sawa na boti ya kule Dar nilikofanya kazi. Tatizo ni maji. Niliingia na bukta na sweta, miguu nimeshaifunga kwenye ubao, na pumzi ikakatika. Kifua kiligoma kabisa. Vidole vikaacha mpini wa kamba vyenyewe. Safari alizima injini, akaingia hadi kiunoni, akanitoa kama mbuzi aliyetumbukia.

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu Safari nimemwambia sikuogopa.

Miaka yote ile nimefundisha wageni kusimama kwenye ubao, maji ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Wengine walikuja na suti za mpira za kwao, nzito, nyeusi. Nilikuwa nawacheka. Sasa nimerudi kijijini Daudi, mwezi wa sita wa baridi, na sina hata soksi ya mpira.

Baba ameuliza jioni kama nimesimama. Bado, nimesema.

Alhamisi, 6 Juni

Jambo geni. Tulikuwa zizini, Baba anakagua kwato za dume. Akasema bila kuinua kichwa: "Hiyo kazi yako ya majini. Nataka niione."

Huyu ndiye aliyesema nilipoondoka kwamba kucheza na maji si kazi. Akakaa muda mrefu bila kunipigia. Nikipiga mimi, anampa Mama simu, mpaka mwaka huu alipoomba nirudi.

Nikasema sawa, Baba, utaiona. Nimefurahi kupita kiasi. Mtu mzima mimi, nimefurahi kama nimesifiwa na mwalimu.

Lakini hawezi kuniona nikivutwa kama mbuzi. Akija, aone nimesimama, mgongo umenyooka, kamba imekaza, maji yanaruka nyuma yangu. Akione kitu kamili. Kwa hiyo kwanza suti.

Rafiki yangu Zaituni amepiga kutoka Katesh. Kwenye robota la mitumba alilofungua mama yake imetoka suti, mnyama mweusi wa mpira mwenye zipu mgongoni. Mama yake alitaka kuikata iwe viti vya pikipiki. Nimemwambia aikalie mpaka nifike.

Jumamosi, 8 Juni

Katesh na kurudi. Nimechoka.

Baba ameng'ang'ania kusafiri na mimi. Anataka kumwona shangazi kule Gitting, amesema. Hakuna mgonjwa kule, hakuna msiba, hakuna harusi. Nimekasirika kidogo kwa sababu nilitaka kwenda haraka peke yangu. Akaomba kiti cha dirishani. Njia nzima amegeuza shingo, jicho lake moja liko nje. Nilimsemesha mara mbili hakusikia. La kushoto lilikufa zamani kwa pembe ya ng'ombe, kwa hiyo anayekaa kushoto kwake ni kama hayupo.

Nilimwacha kwenye gari la Gitting, nikaenda dukani kwa akina Zaituni. Suti ni nzuri kwa kuitazama. Milimita tano, imeandikwa kifuani. Mishono imegundishwa, haikupitishwa sindano tu; maji hayapenyi kirahisi. Lakini ya mwanamume, tena mwanamume aliyekula akashiba. Nilivaa nyuma ya pazia. Kiunoni naweza kuingiza ngumi. Shingoni naweza kuingiza mkono mzima.

Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hiyo ni ya wawili. Tafuta mume kwanza."

Najua kabisa kanuni. Suti inatakiwa kubana kama ngozi ya pili, maji kidogo yaingie, mwili uyapashe moto, yakae palepale. Ikilegea maji ya baridi yanaingia na kutoka kila ukianguka, na ni heri ungevaa kanzu. Najua, na bado nimeichukua. Kwa sababu ni nene, na mimi nilikuwa nafikiria kifua changu kikigoma.

Baba amerudi na gari la jioni, ana maboga mawili ya shangazi. Hakuniambia walizungumza nini.

Jumatano, 12 Juni

Suti nene haifai. Nilijua. Maji yameingia kwa shingo, yakajaa mgongoni, nikawa kama gunia lililoloweshwa. Kamba iliponivuta nilinyanyuka mpaka magotini, uzito ukanirudisha. Mabega nayo hayasogei, mpira umeyashika. Nimetetemeka njia nzima ya kurudi.

Nina hasira na mimi mwenyewe.

Baba ameuliza. Bado, Baba. Nguo haijakaa sawa.

"Ni lazima iwe na nguo?"

Nimemweleza habari ya baridi, ya pumzi, ya milimita. Amesikiliza yote kwa adabu kama anavyomsikiliza bwana shamba. Mwishoni akasema, sawa, wewe ndiye unayejua kazi yako. Kauli hiyo imenipendeza sana. Nimeibeba siku nzima.

Jumatatu, 17 Juni

Zaituni ametuma nyingine kwa basi. Amezunguka mnada mzima kunitafutia, Mungu ambariki. Hii ni nyembamba, milimita mbili hivi, mikono inaishia kwenye viwiko na miguu kwenye magoti. Kiwiliwili kinabana vizuri. Shingo safi. Chini ya kwapa kuna mpasuko mdogo, Safari ameziba kwa gundi ya tyubu.

Nimejaribu. Nimesimama! Sekunde chache, kisha ncha ya ubao ikazama nikaenda kichwa chini, lakini nimesimama. Kifua hakikugoma. Mikono na miguu iliuma, ikawa myekundu, basi.

Safari alipiga kelele mpaka wachungaji wakaja kutazama. Akasema, "Kesho mwite baba mkubwa."

Nikasema hapana. Kuvaa hii na kusimama mara moja kati ya mara nyingi, siyo kitu cha kumwonyesha mzee. Viwiko viko nje, magoti yako nje, natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Zaituni ana jamaa Arusha anauza vifaa vya wageni vilivyotumika. Ana suti ya kike, milimita nne, mikono mirefu, saizi yangu. Nimeiagiza. Wiki moja, amesema.

Wiki moja si kitu.

Jumamosi, 22 Juni

Jua limetoka leo. Kuanzia asubuhi, bila ukungu, anga ya bluu mpaka mlimani, kitu ambacho huku mwezi huu hakitokei. Nilikwenda bwawani na Safari kukaza nati za mashine tu. Suti fupi ilikuwa kwenye begi.

Tukamwona Baba anashuka kwa njia ya mikalitusi. Peke yake, na fimbo, amevaa koti lake la kanisani. Jumamosi. Watu wengine walikuwa mashambani, yeye na koti.

Nikamwamkia. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimekuja kuona."

Maji yalikuwa yametulia. Mashine ilikuwa tayari, mafuta yamo. Safari alinitazama, mkono wake uko tayari kwenye kamba ya kuwashia. Nikasema, leo hapana, Baba. Suti nzuri iko njiani kutoka Arusha. Hii inaacha mikono wazi. Nikiingia nitatetemeka tu, hutaona chochote cha maana. Ngoja ije, nikuonyeshe vizuri.

"Inakuja lini?"

"Wiki ijayo."

Akasimama ukingoni. Akatazama maji, akatazama ubao wangu, akauliza miguu inaingia wapi, nikamwonyesha viatu vilivyofungwa juu ya ubao. Akainama akavigusa. Akatazama ng'ambo ya bwawa kwa muda, mkono umekinga jua. Kisha akasema, haya, akapanda tena na njia ileile. Hakutaka nimsindikize.

Safari hakunisemesha mpaka tumefunika mashine.

Nadhani nimefanya sawa. Kitu cha kuonyeshwa kionyeshwe kikiwa kamili.

Jumapili, 23 Juni

Ukungu umerudi. Baba hakwenda kanisani, amesema kichwa kinauma.

Alhamisi, 27 Juni

Mzigo haujaja. Jamaa wa Arusha anasema ameupakia, basi linasema halijapokea. Zaituni anamfokea kila mmoja kwa zamu yake. Nimesema naweza kusubiri.

Baba amepita mlango wa jiko akagonga bega kwenye mwimo. Mama akamshika mkono upesi, wakatazamana. Niliona. Sikuuliza.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi Baba amelia. Sijawahi kumsikia akilia. Jicho la kulia limekuwa jekundu, gumu kama jiwe, ametapika chai yote. Anasema kuna pete za rangi kuzunguka taa, halafu akasema taa haioni vizuri.

Safari ameleta gari la jirani. Tuko hospitalini. Wamempa dawa ya mshipani na matone ya jicho. Maumivu yameshuka. Mama yuko naye, mimi niko kwenye benchi nje, naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana niliyookota, nitanakili nikirudi.

Namwomba Mungu. Sina maneno mengine.

Alhamisi, 4 Julai

Maumivu yamekwisha. Kuona hakujarudi.

Daktari ni binti wa umri wangu, mpole, alikaa kabisa kwenye kiti kabla ya kusema. Presha ya jicho imekuwa ikila mshipa kwa muda mrefu, polepole. Shambulio la juzi limemaliza kilichobaki. Wanaweza kuzuia maumivu yasirudi. Zaidi ya hapo hapana.

Baba alimshukuru. Akamwuliza ametoka kijiji gani na wazazi wake ni akina nani, wakaongea habari za Bashay na bei ya vitunguu saumu, kama watu waliokutana sokoni. Mimi nilitoka nje.

Ijumaa, 5 Julai

Tumerudi nyumbani. Mama ameniambia leo, tukiosha vyombo.

Baba alijua. Kabla ya Pasaka waliambiwa kliniki kwamba dawa haishiki tena, kwamba jicho litakwenda, labda mwaka, labda miezi. Ndiyo maana alinitaka nirudi nyumbani. Mimi nilifikiri ni kwa ajili ya ng'ombe.

Ndiyo maana alikwenda Gitting. Alitaka kuuona uso wa dada yake. Alimwomba shangazi akae mlangoni, penye mwanga, akamtazama, wakanywa chai, akaondoka. Shangazi hajui mpaka leo. Ndiyo maana dirisha la basi.

"Kwa nini hamkuniambia, Mama?"

"Alikataza. Alisema ukijua utamwonyesha kwa huruma. Alitaka umwonyeshe tu."

Nimeacha sufuria kwenye maji nikaenda kukaa nyuma ya zizi.

Ilikuwa dakika tano. Niliombwa dakika tano za baridi. Suti fupi ilikuwa kwenye begi, hatua chache kutoka miguuni pangu. Ningetetemeka, ningeanguka, ningeanguka tena, na angeona binti yake anatetemeka na kuanguka na pengine mara moja amesimama. Angeondoka na picha hiyo.

Mimi nilikuwa nachagua nguo.

Jumatatu, 8 Julai

Mzigo umefika. Kondakta ameurusha dirishani kwa kicheko, eti zawadi yako ya harusi, dada.

Sijaufungua.

Jumatano, 10 Julai

Baba anajifunza nyumba. Anahesabu kwa mikono: mwimo, meza, mtungi, mlango. Ameangusha birika, akaomba msamaha kwa Mama kama mgeni. Sikuweza kutazama. Yeye hawezi kuona na mimi ndiye ninayefumba macho. Nimejiona mjinga.

Nimemwambia. Nilipanga maneno tangu juzi, yakatoka ovyo. Nikasema, Baba, ile siku ya jua ningeweza kuingia. Nilikuwa na nguo. Sikutaka unione nikianguka.

Nilitegemea aseme si kitu. Hakusema si kitu. Akasema, "Nilivaa koti."

Basi. Akaomba apelekwe nje kwenye joto.

Ningependa kama angenigombeza.

Jumapili, 14 Julai

Watu wamekuja baada ya ibada kumpa pole. Kila mmoja anapaza sauti kana kwamba masikio ndiyo yaliyokufa. Baba anawajibu kwa sauti ya chini, wote wanalazimika kunyamaza. Safari alikuja na muwa. Aliniambia pembeni kwamba anataka kuvunja mashine, injini inahitajika kwa pampu ya mtu. Nikasema vunja. Kisha nikasema ngoja kidogo.

Nimefungua mzigo jioni. Suti ni nzuri. Nilitaka iwe mbaya.

Jumamosi, 20 Julai

Nilimwambia Baba asubuhi kwamba nakwenda bwawani, na kama anataka, tunaweza kwenda wote, nitamshika mkono.

"Niende kufanya nini? Kusikiliza injini?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Nikaenda.

Suti imenikaa kana kwamba nilipimwa. Ilinichukua muda kuingia, kidogo kidogo, kifundo, goti, paja, bila kuvuta kwa kucha. Mabega yanazunguka. Shingo inabana bila kukaba. Nilipoingia majini baridi ilipita uti wa mgongo kama uzi mmoja, ikapotea. Kifua kikapumua. Safari akawasha.

Nimesimama mara ya kwanza. Nimekwenda bwawa zima, kutoka kwenye mafunjo ya ng'ambo mpaka ukingo wa mashine, mgongo umenyooka, kamba imekaza, maji yanaruka nyuma yangu. Kila kitu kama nilivyotaka akione. Mara ya pili nikaruka wimbi langu mwenyewe, nikatua. Safari hakupiga kelele mara hii. Aliinua tu mkono.

Nilitoka nikakaa kwenye nyasi nimevaa hivyohivyo. Ukungu ulikuwa umeshika mpaka kwenye maji, huoni ng'ambo. Sikuwa na baridi hata kidogo. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumanne, 23 Julai

Maharage yameisha. Tumeanza vitunguu saumu. Mikono inanuka mpaka usingizini.

Safari amechukua injini. Nimemsaidia kuifungua. Alisema tukitaka tutatengeneza nyingine, mwakani, joto likirudi. Labda.

Zaituni amepiga kuuliza kama suti imefaa. Nimesema imefaa sana. Akashangilia. Nikamwacha ashangilie, alihangaika mno kwa ajili yangu. Habari ya Baba nimemweleza baadaye, akasema atakuja kumwamkia.

Jumapili, 28 Julai

Siku ya utulivu. Hatukuwa na wageni. Mama alibaki kwenye kikao cha akina mama baada ya ibada.

Nilimtolea Baba kiti ukutani, upande wa jua. Jua la leo ni hafifu lakini lipo. Nilikaa chini, nasuka vitunguu kwenye mafungu. Akanyoosha mkono akachukua vichache, akaanza kusuka na yeye. Anasuka vizuri kuliko mimi.

Baadaye akasema, "Siku ile uliyokwenda bwawani, ulisimama?"

"Nilisimama."

"Ilikuwaje?"

Nikasema nilivuka bwawa lote. Akasema hapana, anza mwanzo. Miguu inaanzia wapi.

Nikaanza mwanzo. Nikamwambia unakaa majini kwanza, umeelea chali, magoti kifuani, ubao umesimama kwa ubavu mbele yako. Mpini uko mikononi. Kamba imelala juu ya maji, halafu unaiona inajinyoosha kidogo kidogo kutoka mbali, na hapo hutakiwi kufanya lolote. Wanafunzi wangu wote walikosea hapo. Walitaka kusimama wenyewe.

"Kwa hiyo unangoja."

"Unangoja, lakini kidogo. Ikikaza tu, unaondoka nayo. Ukichelewa inakunyang'anya mpini."

Akaitikia kwa kichwa, anaelewa. Akauliza maji yanatoa sauti gani chini ya ubao. Sikuwahi kulifikiria. Nikafikiri. Nikasema ni kama kuchana kitambaa kirefu, kisichoisha. Akacheka kidogo. Akauliza kuhusu kuanguka, nikamwambia yote, na ile ya kichwa chini, na Safari kunitoa mara ya kwanza. Alicheka tena hapo, kwa sauti. Sikuficha kitu.

Nikaendelea na zamu ya pili, jinsi unavyoegemea kisigino kuelekea kwenye wimbi. Mikono yake ikapunguza kasi. Fungu la vitunguu likalala mapajani. Alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, jua usoni.

Sikuacha kusimulia. Nilishusha sauti tu, nikaenda mpaka mwisho, mpaka ukingoni, mpaka kamba ilipolegea.

Kisha nikaenda kumletea shuka.